Jinsi ya kusoma daftari la inkwizisheni ya Languedoc

Inkwizisheni ilikuwa mahakama ya Kanisa Katoliki ya kuhukumu wazushi; Languedoc iko kusini mwa Ufaransa. Anza na tarehe, kisha tafuta nani ameketi kuhukumu. Usihangaike na makao makuu ya inkwizisheni huko Roma. Hayo yalikuja 1542. Kabla ya hapo kila mhukumu wa uzushi, mara nyingi Mdominiko (mtawa wa shirika la Wadominiko), alipewa mamlaka na Papa au na mkuu wa shirika lake.

Kuanzia 1317 mtafute na askofu: sheria ya Mtaguso wa Vienne (mkutano mkuu wa Kanisa) ilimkataza mhukumu kumtesa mtuhumiwa au kutoa hukumu peke yake. Daftari la Pamiers (1318–1325) ni mfano mzuri: Askofu Jacques Fournier, na pembeni yake Mdominiko aliyemwakilisha mhukumu wa Carcassonne.

Wengi huteleza kwenye maneno. Aliyehojiwa alisema Kioksitani, lugha ya wenyeji, karani akaandika Kilatini: “alisema kwamba…” Ukikuta “ameachiwa mkono wa serikali”, maana yake alichomwa moto.