Kamera ya filamu kutoka Japani, icheki hivi kabla hujatoa hela

Wajapani hawatupi kamera ovyo, mtaa wa Shinjuku kule Tokyo kuna maduka kibao ya kamera za mtumba, ndo maana Canon AE-1 ya 1976 bado inazunguka mpaka inatua huku Kampala. Sasa ukiletewa moja tulia kwanza. Washa tochi ya simu umulike ndani ya lenzi, ukiona kitu kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, rudisha tu, na huu unyevu wetu wa ziwani utaizidisha. Fungua mgongo, sponji nyeusi za pembeni zikinata kidoleni usiogope, zinabadilishwa. Weka betri ya volti 6 maana bila hiyo AE-1 haifyatui kabisa, wengi hudhani imekufa! Piga bila filamu usikilize, ikikohoa inataka mafuta, mpe fundi, sio wewe na mafuta yako ya cherehani. Muuzaji wa Japani akiandika "janku", yaani kitu kibovu, jua haina garantii. Ikipita yote tia filamu ya ISO 400 (hicho ni kipimo cha filamu inavyohisi mwanga) uende soko la Owino hapa Kampala asubuhi, ila waombe kwanza ruhusa wale mama wa nguo, wengine hawataki mchezo.