Namna ya kuyafunga yaliyopita ili moyo upate kutulia

Mtu akiwa na jambo la zamani linalomuuma, jawabu la kwanza analopewa ni "yaache hayo, yamepita". Anayelisema huwa ana nia njema, lakini ushauri huo haumfikishi mtu popote. Jambo lililokuuma halitoki kwa kuamrishwa litoke. Linataka lipewe siku yake, mahali pake na mtu wa kulisikia, kisha lifungwe. Sie watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, tumelelewa hivyo, na ndivyo ninavyotaka kukuelekeza.

Kila mwaka, mwezi wa Julai, kwetu tuna Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume wa upande mmoja wa mji wanakabiliana na wa upande wa pili kwa mabua ya migomba, na wanapigana hasa, mbele ya watu wote. Wanawake tunazunguka na nyimbo, na ndani ya nyimbo hizo mtu hulisema lililomkaa rohoni. Banda la makuti linatiwa moto. Baadaye watu wanakula, na mgeni yeyote anakaribishwa. Ugomvi wa mwaka uliokwisha umeshapigwa, umeshaimbwa, basi. Anayekuja kupiga picha huona vurugu. Mie naona utaratibu: pana siku, pana uwanja, pana mashahidi, pana silaha isiyoua, na pana kikomo. Mtu anayetaka kuutua mzigo wake anaweza kujiwekea mambo hayo mwenyewe bila ya kungoja Julai.

Nimeolewa Jambiani, pwani ya mashariki, na kazi yangu ni kilimo cha mwani. Jambo langu lilikuwa la mirathi. Marehemu baba aliacha minazi karibu na pwani, na ndugu yangu mmoja wa kiume akaiuza bila ya kunishirikisha. Mahali pale sasa pana ukuta, nami ndipo ninapopita nikienda kazini. Kila nikipita taya zilikuwa zinakaza, kifua kinabana, na usiku usingizi hauji. Haya ninayokwambia nimeyapitia mwenyewe.

Lipe jambo saa yake

Usijilazimishe kutolifikiria. Mwaka 1987 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwataka wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia akilini wagonge kengele. Kengele ziligongwa tu. La ajabu zaidi, waliokatazwa mwanzo walipokuja kuruhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale waliokuwa na ruhusa tangu mwanzo. Unapojiambia "sitaki kumfikiria tena yule mtu", unajiwekea miadi naye.

Kwa hivyo chagua wakati mmoja wa mchana na mahali pamoja. Yangu ni baada ya alasiri, watoto wakiwa chuoni kusoma Qurani, uani kwangu penye kivuli. Wazo likinijia asubuhi silipigi vita. Nalijibu kwamba saa yake ni alasiri, halafu naendelea na nilichokuwa nikifanya. Siku za mwanzo utalijibu mara nyingi mpaka uchoke. Endelea hivyo hivyo. Ikifika saa yake, usiikwepe: kaa, ulifikirie kwa muda uliojiwekea, robo saa inatosha, kisha inuka ufanye kazi ya mikono.

Andika, hata kama hujazoea

Katika saa hiyo, andika. Daftari la skuli na kalamu vinatosha. James Pennebaker na Sandra Beall, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1986, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Texas dakika 15 kila usiku, usiku 4 mfululizo, waandike juu ya jambo zito lililowahi kuwafika. Walioandika kilichotokea pamoja na walivyohisi walijisikia vibaya zaidi walipotoka tu kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache zaidi kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Hapo pana mambo mawili ya kuyashika. La kwanza, andika vyote viwili: lililotokea na lilivyokugusa. Ukiandika "kaka aliuza minazi" peke yake, umeandika taarifa. Ukiandika "niliposikia nilikuwa nimebeba maji, nikashindwa hata kuitua ndoo, na nilijiona si mtoto wa baba yangu", hapo umelifikia lenyewe. La pili, usiandike karibu na kulala, kwa sababu utakwenda kitandani na donda bichi. Mchana ndiyo wakati wake.

Usihangaike na mwandiko. Mie huandika Kikae, kama tunavyosema nyumbani kwetu Makunduchi, kwa kuwa ugomvi wetu haukusemwa kwa Kiswahili cha skuli. Andika siku nne, kama wale wanafunzi, na zikitimia fanya utakavyo na karatasi. Zangu nilizitia jikoni chini ya sufuria ya wali, na kwa hulka ya mtu wa Mwaka ilinipendeza kuziona zinaungua. Anayetaka kuziweka aziweke, mradi zisije zikaangukia mikononi mwa mtu wa nyumba hiyo hiyo.

Kama jambo lako ni la kupigwa, kunajisiwa au msiba ulio mbichi, na kulifikiria tu kunakufanya utetemeke, usianze kuliandika ukiwa peke yako. Anza na mtu, na mtu huyo awe muuguzi au daktari.

Tafuta shahidi mmoja

Shahidi ndiye sehemu ngumu, kwa sababu visiwa vyetu ni vidogo na maneno hutembea. Asiwe wa ukoo. Asiwe mtu wa majungu. Na asiwe yule anayekupenda kupita kiasi, maana huyo atakuchochea. Ukimwambia umeumia, yeye ataumia mara mbili na kukurudishia.

Mie nilimchagua shoga yangu tunayefunga naye mwani. Nilimwambia kwanza, "Leo nataka unisikilize tu. Usinipe shauri, na usimtukane kaka yangu." Akasema, "Sema shoga, mie nipo." Tulikuwa tumekaa chini ya mvinje, kamba imetandazwa mapajani. Mikono yake haikuacha kufunga: anachukua kishada cha mwani, anakizungushia tai-tai, ile kamba nyembamba ya kufungia, anakaza, anasogea shibiri moja, anachukua kingine. Macho yake yalikuwa kwenye kamba muda wote. Hilo ndilo lililonifungua mdomo, kwani ni rahisi kusema jambo zito mbele ya mtu asiyekukodolea macho. Wewe pia ukitaka kusema lako, lisemeni huku mna kazi mkononi, mnachambua mchele au mnasuka ukili.

Gawa yanayodaiwa na yasiyorudi

Chukua ukurasa, chora mstari katikati. Upande mmoja andika yanayoweza kudaiwa hata leo, upande wa pili yale ambayo hakuna mtu duniani awezaye kukurudishia. Kwangu, thamani ya fungu langu ilikuwa upande wa kwanza. Miaka ambayo mimi na ndugu yangu hatukusemezana ilikuwa upande wa pili.

Watu wengi, wanawake hasa, wanaambiwa wasamehe kwa maana ya kwamba wanyamaze. Silikubali hilo hata kidogo. Kusamehe si kuacha haki. Fungu la mtoto wa kike limetajwa katika Qurani, nusu ya la mtoto wa kiume, na hakuna kaka aliyepewa uwezo wa kulifuta. Mambo ya mirathi ya Waislamu hapa Zanzibar yana Mahkama ya Kadhi, na iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Unapokwenda uwe na cheti cha kifo, majina ya warithi wote na watu wanaoijua mali. Kabla ya hapo unaweza kupitia kwa sheha, kiongozi wa mtaa wenu, na wazee, na mara nyingi jambo humalizikia huko. Langu lilimalizikia kwa wazee. Nilichokipata ni pungufu ya haki yangu, na nilikipokea kwa hiari yangu, nikijua ninachokiacha na kwa nini.

Yaliyo upande wa pili wa mstari ndiyo ya kusamehe au kuombolezwa. Hayo hayana mahkama.

Ukifika hapo, anza na salamu tu. Dini imetukataza kumhama ndugu zaidi ya siku 3, na imesema mbora ni yule anayeanza kutoa salamu. Haikusema mlale nyumba moja. Nilikutana na kaka yangu kwenye hitima ya jamaa yetu. "Asalamu alaykum, kaka. Shikamoo." Akajibu, "Marahaba. Hamjambo? Watoto wazima?" Nikasema, "Wazima, alhamdulillahi." Nikaingia ndani kwa wanawake. Siku ile hapakuwa na zaidi ya hayo, na yalitosha. Usitake kulimaliza jambo la miaka kwa kikao kimoja cha kuliana. Kama aliyekudhulumu ni mtu wa hatari, mpigaji au mlevi wa fujo, salamu hiyo si lazima wala si busara. Kaa naye mbali.

Mwili nao una kinyongo chake

Hata jambo likishafungwa, mwili huchelewa kupata habari. Ukikasirika au ukiogopa, mwili humwaga homoni za adrenalini na kortisoli: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, damu inakimbilia miguuni na mikononi ili upigane au ukimbie. Kama hupigani wala hukimbii, na hali hiyo inarudi kila siku, ndipo mtu anapata kichwa kisichopoa, tumbo kuchafuka na usingizi wa mang'amung'amu.

Njia ya haraka kuliko zote ni pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu polepole mpaka 4, tumbo litanuke na si mabega kupanda, kisha toa ukihesabu mpaka 6. Hiyo ni kama pumzi 6 kwa dakika. Fanya kwa dakika 5. Kutoa pumzi kwa kirefu huuamsha mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo mpaka moyoni na tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuupunguza mwendo wa moyo. Mie nilianza kuifanya pale kwenye ukuta, napita huku natoa pumzi. Ukuta uko pale pale. Taya ndizo zilizolegea.

Mafundisho ya Mtume (SAW) kwa mwenye hasira nayo yanaushughulikia mwili: akiwa amesimama akae, na kama haijamtoka, alale. Jaribu siku ugomvi unapopanda nyumbani. Ni vigumu kumpigia mtu kelele huku umejilaza mkekani.

Kutembea nako kunaondoa ile nguvu iliyokosa pa kwenda. Sie wa pwani ya mashariki tumepata bahati: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapwa mbali mpaka karibu na mwamba, na kwenye saa nne asubuhi mtu anaweza kutembea muda mrefu juu ya mchanga mgumu. Vaa viatu kwa ajili ya shokomzoba, wale wadudu wa baharini wenye miba, na geuka kabla maji hayajaanza kujaa, maana huwa yanakuzunguka kwa nyuma kwenye vijito. Aliye mjini ana viwanja vya Maisara jioni. Nenda bila ya kuzungumza na simu.

Kuhusu usingizi, jambo ambalo wengi hawalitaki kusikia ni kahawa. Kafeini hukaa mwilini. Saa tano hivi baada ya kunywa, kama nusu yake bado imo. Wanaume wanaokunywa kahawa barazani baada ya Isha kisha wakalalamika kuwa wanakesha, hiyo ndiyo sababu mojawapo. Chai ya rangi nayo ina kafeini. Baada ya alasiri kunywa maji ya mchaichai, ambayo hayana. Na kundi la ukoo la WhatsApp usilifungue usiku. Maneno ya mirathi, harusi na michango yasomeni asubuhi, mmeshakula.

Haya yote ni ya mzigo wa kawaida wa maisha. Kama huzuni imekaa wiki 2 na haiondoki, huli, huwezi kuinuka, unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, au umeanza kuwaza kufa, nenda hospitali usingoje. Unguja pana hospitali ya Kidongo Chekundu kwa ajili ya maradhi ya akili, na walio Pemba waanzie hospitali iliyo karibu nao. Kwetu mtu hupelekwa kwanza kusomewa, na sina neno na kisomo, mimi mwenyewe ninasoma. Lakini kisomo na daktari havigombani. Asomewe asubuhi na apelekwe siku hiyo hiyo. Fuatana na mtu unayemwamini, kwa sababu ukiwa katika hali hiyo hutakumbuka nusu ya unayoambiwa. Na kama umekunywa dawa yoyote ya miti, mtajie daktari jina lake na kiasi ulichokunywa, kwani nyengine hazipatani na vidonge atakavyokupa.