Somo: Gemu la anga lenye sayari sita zilizoshiba

Wengi wanaoanza kutengeneza gemu la anga huanza kwa kuhesabu nyota. Hapa tunaanza na sayari sita, kila moja ikiwa na kazi yake, na nyota nyingine zinabaki mapambo. Somo ni la wanachama wa Mwanza na visiwani wanaotumia Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, kwenye kompyuta za kawaida, bando likiwa la kubana na umeme wa kukatika. Godot haihitaji kusakinishwa: pakua zipu, ifungue, endesha. Kama hutumii lugha ya C#, chukua toleo la kawaida, la .NET liache.

Kwa nini sita

No Man's Sky, gemu la anga, ilitoka Agosti 2016 ikiwa na sayari 18,446,744,073,709,551,616, yaani 2 kwa kipeo cha 64. Ukiipa kila sayari sekunde moja, unahitaji miaka bilioni 584 hivi. Bado malalamiko yalianza mapema kwamba humo ndani hamna cha kufanya. Tazama watengenezaji wake walivyojinasua: Novemba 2016 waliongeza ujenzi wa makazi, Julai 2018 wakaongeza kucheza na wenzako kwa ukamilifu. Dawa haikuwa sayari zaidi. Starfield ya 2023 ina sayari zaidi ya 1,000, na watu waliudhika kukuta jengo lile lile, vitu vimekaa pale pale, kwenye sayari mbili zisizohusiana. Outer Wilds ya 2019 ina mfumo mmoja wa jua, sayari chache za upana wa mita mia kadhaa, na mzunguko wa dakika 22 unaokurudisha mwanzo. Inasifiwa hadi leo.

Sasa piga hesabu ya kwako. Tuseme unapata saa 10 kwa wiki, kwa wiki 26. Hizo ni saa 260. Sayari moja iliyotengenezwa kwa mkono, yenye kazi, maneno na sauti zake, ukiipa saa 30 utapata nane, bila muda wa kurekebisha. Toa mbili za kurekebisha. Zimebaki sita.

Hatua ya 1: Mbegu

Mbegu ni namba moja inayozaa vitu vyote. Elite, gemu la anga la 1984, iliingia kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya KB 32, ikiwa na galaksi 8 za sayari 256 kila moja, zote zikitokana na namba tatu za biti 16. Kihesabu mbegu hiyo ingeweza kutoa galaksi trilioni 281 na ushei. Mchapishaji aliwaambia watengenezaji wake, David Braben na Ian Bell, wapunguze, maana mchezaji angegundua haraka kwamba zinafanana. Mwaka 1984 hiyo, na bado kuna watu wanalirudia kosa.

Kwenye Godot andika hivi:

var rng = RandomNumberGenerator.new()
rng.seed = hash([mbegu_kuu, namba_ya_sayari, "hewa"])

Hilo neno la mwisho ndilo linalokuokoa. Kila tabaka (hewa, ardhi, bei, majina) lipe rng yake, yaani kizalishi chake cha namba za bahati nasibu. Ukitumia rng moja kwa kila kitu, siku utakapoongeza mwito mmoja tu, labda rangi ya mawingu, kila namba inayofuata itasogea nafasi moja na sayari zote zitabadilika. Aliyehifadhi mchezo wake jana atajikuta amesimama katikati ya mlima.

Kwenye faili la kuhifadhi weka mbegu na yale tu aliyobadilisha mchezaji. Andika kwanza kwenye faili la muda, ukimaliza ndipo ulibadilishe jina liwe faili kamili. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la zamani linabaki zima.

Hatua ya 2: Umbali na mtikisiko

Vector3 ya Godot (namba tatu zinazotunza nafasi ya kitu), kwa toleo la kawaida, hutumia desimali za biti 32. Ukiwa mita 100,000 kutoka kitovu, hatua ndogo kabisa inayowezekana ni milimita 8 hivi. Kwenye mita 1,000,000 ni sentimita 6.25. Kwenye mita 10,000,000 ni mita nzima. Dalili utaziona mapema: vioo vya chombo vinatetemeka, mkono wa mhusika unarukaruka, mara chombo kinarushwa na ukuta ambao hakikuugusa.

Tiba ni kuhamisha kitovu. Mchezaji akifika mita 5,000 kutoka sifuri, rudisha kila kitu nyuma kwa umbali ule ule, yeye akae sifuri tena. Nafasi yake halisi itunze kando kwa vigeu vitatu vya float, kwa sababu float (namba ya desimali) ya GDScript, lugha ya Godot, yenyewe ni ya biti 64. Usiitunze ndani ya Vector3. Kumbuka pia chembechembe za moshi wa injini: zisipohamishwa pamoja na chombo, utaona mstari mrefu umekatiza anga.

Njia ya mkato ni kupunguza dunia. Kerbal Space Program iliipa sayari yake kuu nusu kipenyo cha kilometa 600, karibu moja ya kumi ya Dunia, na mchezaji haoni pengo.

Hatua ya 3: Kanuni zinazogusana

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Kina hakitokani na wingi wa vitu. Kinatokana na kanuni mbili au tatu zinazovurugana mpaka mchezaji alazimike kuchagua.

Tuchukue kanuni ambayo kila mtu wa soko la samaki la Kirumba Mwaloni anaijua: dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka sana uvuvi husimama kwa sababu taa hazivuti tena. Weka hilo kwenye sayari ya maji yenye mwezi mmoja unaozunguka kwa dakika 24. Giza ni namba kutoka 0 hadi 1. Bei = 40 + 60 × (1 − giza). Giza totoro ndoo ni 40, mbalamwezi kamili ni 100, na kati yake ni dakika 12. Chombo kinabeba ndoo 20.

Kanuni ya pili: mzigo unaharibika. Ukiweka asilimia 2 kwa dakika, baada ya dakika 12 inabaki asilimia 78 ya thamani. Umenunua kwa 40, unauza sawa na 78. Mchezaji atanunua, atasinzia, atauza. Kanuni imekufa, kwa sababu jibu ni moja siku zote. Panda hadi asilimia 8 kwa dakika: inabaki asilimia 37, kila ndoo inakula hasara ya 3. Akiuza katikati, dakika ya 6, bei ni 70 na thamani imebaki asilimia 61. Kwa ndoo 20 anapata faida ya 49 tu. Sasa anaanza kutafuta njia.

Mpe njia mbili. Barafu inapunguza uharibifu hadi asilimia 1 kwa dakika, lakini inakula nafasi 5 za mzigo na kila nafasi inagharimu 20. Anabeba ndoo 15, anauza kwa jumla ya 1,329, anatoa gharama 700, faida 629. Au aanike: dagaa wakavu hawaharibiki, ila bei yao ni asilimia 70 ya wabichi. Ndoo 20 zinatoa 1,400, toa 800, faida 600. Mvua ikinyesha wakati wa kuanika, nusu ya mzigo inaoza.

629 na 600 zinakaribiana, na huo ukaribu ndio unaoutafuta. Anga likiwa safi na barafu imepanda kidogo, anaanika. Wingu likionekana, anakimbilia barafu. Sayari moja, kanuni tatu, na mchezaji anatazama mwezi, wingu na bei ya barafu kila anapotua.

Sayari nyingine tano zipe kanuni zao. Kosa la kawaida ni kunakili hii na kubadilisha dagaa kuwa madini.

Hatua ya 4: Tofauti inayohisiwa

Maumbo 10, rangi 10 na aina 10 za mimea vinazaa sayari 1,000 kwenye karatasi. Mchezaji atazigawa kuwa tatu: ya kijani, ya jangwa, ya barafu. Rangi ni ya macho tu. Badilisha kinachoathiri mikono. Mhusika anayeruka kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde anapanda sentimita 46 kwenye mvutano wa Dunia (9.81) na mita 2.78 kwenye mvutano wa Mwezi (1.62). Ukuta ule ule ni kizuizi huku na si kitu kule.

Majengo usiyachague kwa bahati nasibu tupu. Ukiwa na majengo 12, uwezekano wa kukutana na jengo lililorudiwa ndani ya matano ya kwanza ni asilimia 62. Tumia mfuko: weka namba zote 12, changanya, toa moja moja, usijaze tena mpaka ziishe.

Hatua ya 5: Safari na majaribio

Safari isiyo na uamuzi isizidi sekunde 90. Kama inazidi, leta sayari karibu au weka kitu njiani.

Kisha mkabidhi mtu ambaye hajawahi kuliona gemu, dakika 30, na wewe ukae kimya. Chora mstari kwenye karatasi kila anaposita kuchagua, na duara kila anaposhika simu. Duara mbili mfululizo bila mstari katikati zinakuonyesha pa kurekebisha.

Maswali ya wanachama

Mdau, Igoma: Mwangaluka mkuu. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 na haina kadi ya picha. Itavuta?

Mwangaluka. Unapounda mradi, kwenye njia ya kuchora picha chagua Compatibility iliyo nyepesi, usichague Forward+. Mawimbi ya maji yafanye kwa picha inayosogea, vivuli viwe vya jua pekee. Nyota za mbali ziweke kwenye MultiMesh moja, inayochora nakala nyingi za kitu kimoja kwa pamoja. Hata 10,000 zitachorwa kwa mwito mmoja.

Mdau, Ukerewe: Naomba kupinga kidogo, kaka. Ziwa letu lina kilometa za mraba zaidi ya 68,000 na kina chake hakizidi mita 85. Tanganyika ina mita 1,470, lakini kuanzia mita 100 au 200 kwenda chini hakuna oksijeni, samaki hawaishi. Ukubwa usio na kina ndio unaotulisha. Kwa nini unaudharau?

Hoja nzito, na sehemu yake naikubali. Elite Dangerous ina mifumo ya nyota bilioni 400, na wapo wanaosafiri humo wiki nzima wakitafuta nyota ambayo hakuna aliyeiandikisha kabla yao. Kwao utupu ndio mchezo, na ukubwa una kazi. Na kina kisichofikiwa na mchezaji ni maji yasiyo na oksijeni, hapo umesema kweli: kanuni iliyofichwa mpaka saa ya ishirini haina faida. Ila ziwa lina chakula karibu kila unapotupa wavu. Kwa saa 260 huwezi kujaza eneo hilo. Ukiweza kujaza sayari kumi, weka kumi.

Mdau, Nyegezi: Nimehamia toleo jipya la Godot na sayari zangu zimebadilika wakati mbegu ni ile ile.

Godot haiahidi kwamba namba zitokanazo na mbegu zitabaki zile zile toleo hadi toleo. Ukishatoa gemu kwa watu, baki na toleo ulilotumia, au andika kizalishi chako mwenyewe. Kile cha Elite ni rahisi: namba tatu, jumlisha zote, chukua baki ya 65,536, sogeza mbili za mwisho mbele, jumla iwe ya tatu.

Mdau, Bwiru: Shikamoo mwalimu. Nimehamisha kitovu kama ulivyoeleza, lakini kila kinapohama chombo kinapata kishindo kidogo.

Marahaba. Unahamisha ndani ya _process, inayoitwa kila fremu ya picha. Peleka kwenye _physics_process, inayoitwa kila hatua ya fizikia, na uhamishe vitu vyote ndani ya fremu moja. Kasi ya chombo usiiguse, inahama nafasi tu. Kamera kama ina ulainishaji, iambie iruke papo hapo kwa fremu hiyo, la sivyo itajaribu kukimbiza mita 5,000.

Mdau, Buzuruga: Nimejaribu ile ya dagaa. Wachezaji wangu wote wanachagua barafu, hakuna anayeanika. Mvua nimeweka moja kati ya nne.

Ndiyo, kwa mvua hiyo wastani wa kuanika unashuka. Mara moja kati ya nne anapoteza nusu, kwa hiyo 1,400 inakuwa 1,225, na faida ni 425 dhidi ya 629. Usipunguze mvua. Mwonyeshe wingu dakika mbili kabla, ili anayetazama juu aweze kukwepa. Halafu bei ya barafu ipande kila wanapoinunua: 20, 25, 30. Kwenye 30 faida ya barafu inakuwa 579, na siku ya anga safi kuanika kunashinda.