Kijana wako anataka kuingia seminari: namna ya kuongea naye juu ya kutokuoa

Kama kijana wako amekuambia anataka kuwa padiri, kabla hujapiga vigelegele na kabla hujalia, kuko neno moja lazima muongee nyumbani, na wazazi wengi hapa Bukavu wanalikimbia. Ni hili la kutokuoa. Wazazi wanasema mapadiri watamuelezea kule Mugeri, kwa seminari, mapadiri nao wanawaza nyumbani walishamuelezea, na kijana anapanda mpaka ushemasi, daraja ya mbele ya upadiri, bila mutu hata mumoja wa damu yake kumuuliza uso kwa uso kama kweli anataka maisha haya. Mimi nimekaa miaka mingi katika uongozi wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, nimesindikiza jamaa kadhaa kwa njia hii, basi naandika vile naona inasaidia.

Kwanza ujifunze sheria yenyewe, ju kijana wa siku hizi ana telefone, ukimuambia kitu cha uongo ataangalia palepale na hatakusikiliza tena. Kutokuoa kwa padiri si fundisho la imani kama Utatu Mutakatifu ao Ufufuko, ni sheria ya Kanisa la Kilatini, ndiyo Kanisa letu, na Papa akitaka anaweza kuibadilisha. Petro alikuwa na mama mukwe, soma Marko sura ya 1, Yesu alimuponya homa. Paulo anamuandikia Timoteo kwamba askofu awe mume wa muke mumoja, na Paulo huyohuyo anawaambia Wakorinto kama angetaka watu wote wakae kama yeye, bila muke, lakini kila mutu ana kipaji chake. Kwa hiyo tangu mwanzo yote mawili yalikuwapo. Sheria ilikazwa polepole, mwaka 1139 Mutaguso (mukutano mukubwa wa maaskofu) wa pili wa Laterano ukasema ndoa ya padiri ni bure, haihesabiki kama ndoa, na Mutaguso wa Trento ukarudilia kitu kilekile 1563. Mwaka 1965 Mutaguso wa pili wa Vatikano ulikubali wazi kwamba upadiri kwa asili yake haudai kutokuoa, lakini ukaacha sheria pale pale kwa Walatini, na Papa Paulo VI akaikaza tena kwa barua yake ya 1967.

Tena uelewe kitu hiki vizuri ju njo pale watu wanachanganya sana kwa shirika: kuko maulizo mbili, si moja. Kupadirisha mwanaume aliyekwisha kuoa ni jambo moja, kuruhusu padiri aoe kisha kupadirishwa ni jambo lingine kabisa. La kwanza liko tayari ndani ya Kanisa Katoliki leo hii, Wakatoliki wa Mashariki kama wale wa Ukrainia na Wamaroni wa Lebanoni wana mapadiri wenye wake na watoto, na wachungaji Waanglikana walioingia Ukatoliki na bibi zao wamepadirishwa kwa ruhusa ya Papa. La pili halifanyiki hata kule Mashariki, ukipadirishwa bila muke unabaki bila muke, na muke akikufa huoi mwengine, na maaskofu wao wanachaguliwa kati ya wasiooa. Basi kijana akikuambia "papa, kule ngambo mapadiri wanaoa", umujibu kwa utulivu, hapana mwanangu, kule waliooa njo wanapadirishwa, na wewe ukiingia seminari yetu haukuwa umeoa.

Umuulize pia anataka upadiri wa namna gani. Padiri wa jimbo anaahidi utii kwa askofu na useja, ndiyo kutokuoa. Mutawa, kama Muyezuiti ao Musaveri, anaweka nadhiri tatu, umaskini, usafi wa moyo na utii, na hata kesho Roma ikibadilisha sheria ya mapadiri wa jimbo, mutawa atabaki mutawa. Wazazi wengi hawajui tofauti hiyo, na vijana wengi nao hawaijui.

Sasa mazungumuzo yenyewe. Usiyafanye mbele ya mashangazi wote, usiyafanye siku ya misa ya kwanza ya jirani wakati ngoma inalia na watu wamejaa kwa lopango (uwanja wa nyumba), siku ile kila kijana anataka kuwa padiri na kila mama anataka kuwa mama wa padiri. Tafuta siku ya kawaida, mukitoka shambani, ao jioni umeme umekatika na hakuna televisheni. Kama baba na kijana hawazoeani, tuma muyomba wake, ao kaka mukubwa aliyeoa, kwetu muyomba anaweza kusema vitu baba hawezi kusema na hakuna aibu. Mama naye aongee, asibaki jikoni, kuko mambo kijana anamuambia mama tu.

Usianze na "utaweza?" Atakujibu "nitaweza", ana miaka 18, kwa umri ule unaweza kila kitu. Anza na "kwa nini". Na hapa lazima muwe wakweli sana ju tuko Kivu, maisha ni magumu, seminari inajulikana kwa masomo mazuri, na jamaa nyingi zinatuma mutoto kule ju ya shule na kwa tumaini la kuwa na mutu wa maana katika ukoo. Kutaka kusoma si zambi. Lakini kama njo sababu yake, umutafutie shule nyingine hata kama minervali (pesa ya shule) inauma, ju huwezi kulipa masomo ya mutoto na maisha yake yote ya ndoa. Umuulize pia kama anakimbia kitu. Kuko vijana waliona vita, walizika wazazi, kwao nyumba na watoto ni hofu tu, kuko wengine wanaogopa wanawake wakadhani hofu ile ni wito. Na kuko yule anayependa wasichana kama vijana wote na anaona aibu kukuambia, yule umuambie mbio kwamba hiyo haimuondoi katika wito, mutu hawezi kutoa sadaka kitu ambacho hana.

Umuache anyamaze kama anataka kunyamaza. Rudia baada ya wiki.

Halafu kuko neno la ukoo, na kwa Bashi, kabila la huku kwetu, na kwa wengine pia ni neno zito, hasa kama ni mutoto mwanaume peke yake. "Nani ataendeleza jina?" Ukiwa na uchungu huo useme mara moja, wazi, kisha unyamaze, usiufanye kamba ya kumufunga. Na wale wanaosukuma upande mwengine, mama aliyeweka naziri kwa Bikira Maria kwamba mutoto huyu atakuwa padiri, wajue kwamba Kanisa lenyewe linawakataza. Kanuni 1026 ya sheria za Kanisa inasema wazi ni kosa kumulazimisha mutu apokee daraja takatifu (ushemasi ao upadiri), kwa njia yoyote na kwa sababu yoyote. Na kabla ya ushemasi kijana anapashwa kuandika kwa mukono wake mwenyewe na kutia sinyatire (sahihi) kwamba anapokea kwa uhuru. Umuonyeshe maneno hayo mapema, miaka mbele, umuambie siku ile ukiandika, kalamu ni yako, si yangu.

Atakuuliza: na wewe unaona aje, mapadiri wangeruhusiwa kuoa? Usimukimbie. Mujibu kile unawaza kweli. Mimi nawaambia wangu hivi, kwamba ningependa Kanisa letu lipadirishe wanaume waliooa, watu wazima wenye nyumba imara, kama Mashariki wanavyofanya, na sababu yangu naichukua huku kwetu. Nenda vijiji vya mbali upande wa Shabunda, misa inaweza kukawia sana kufika, na mutu anayesalisha Jumapili, anayefundisha ubatizo, anayezika wafu na kusikiliza wajane ni mwalimu wa dini, na mwalimu yule ana bibi na watoto. Watu wanamuheshimu, hakuna anayesema bibi yake anamuzuia kutumikia Mungu. Kinshasa kardinali Malula aliona hayo tangu miaka ya 1970, akaweka wanaume wenye ndoa kuongoza parokia, njo wale bakambi. Kila kitu waliweza kufanya isipokuwa misa na maungamo na mupako wa wagonjwa. Na maaskofu wa Amazonia walipokutana Roma 2019 waliomba kitu kama hicho kwa sehemu zao za mbali, kura 128 kwa 41, lakini Papa Francis katika andiko lake la 2020 hakufungua mulango ule.

Umuelezee na upande mwengine kwa haki, ju una nguvu. Watu wa Bukavu hatujasahau askofu mukuu Munzihirwa, Oktoba 1996, muji unaanguka naye akabaki na watu wake mpaka wakamuua. Wengi wanasema padiri asiye na muke wala watoto njo anaweza kubaki hivyo, hana mutu wa kukimbizia Cyangugu, ngambo kule Rwanda. Naheshimu neno hilo, lakini halinitoshi, ju dokta Mukwege wa hospitali ya Panzi ni mume na baba, tena muchungaji, mwana wa muchungaji, na baada ya kushambuliwa nyumbani kwake 2012 alirudi kutumikia wagonjwa hapahapa. Ushujaa Mungu anautoa kwa wote wawili. Mahali naona useja una utajiri wake ni kwengine, padiri asiye na nyumba yake anaingia katika kila nyumba kama mutoto wa pale, masikini na tajiri, na hakuna anayemuuliza mali ya parokia inalisha watoto wa nani.

Lakini kuko neno moja usikubali hata kidogo, kwamba mapadiri wakioa zambi zote za uchafu zitakwisha. Wanaume waliooa wanaharibu watoto wa watu kila siku, tunawajua katika mitaa yetu. Ndoa si dawa ya mutu mubovu.

Sasa nafika kwa jambo linaloniuma kupita yote, na usiliruke. Kuko maneno mbili wazazi wanamuambia kijana kwa upole na yanamuharibu. La kwanza, "ingia tu, sheria itabadilika". Anajenga maisha juu ya kitu hakijakuja, na kisipokuja atajiona amedanganywa na Mungu, kumbe ni baba yake. Ajiamulie kwa sheria ya leo. La pili ni baya zaidi, lile linasemwa kwa sauti ya chini, "ukishindwa utajipanga, wengine wanafanya hivyo". Hapana! Ukimuambia hivyo tayari umechagua msichana fulani wa watu, humujui bado, atakayezaa bila kutajwa, atakayelea mutoto kwa siri akiambiwa asiseme baba ni nani, mutoto ataulizwa shuleni jina la baba na hatakuwa na la kujibu, na atamuona baba yake akisalisha Jumapili bila kumuita papa. Yule msichana ni dada ya mutu, angeweza kuwa binti yako. Mwaka 2019 Vatikano ilikubali hadharani kwamba iko na maagizo kwa mapadiri waliozaa, na yanaanza na mutoto kwanza, padiri anaombwa aache kazi ya upadiri na achukue mzigo wa ubaba. Umuambie kijana wako waziwazi kwamba ikimufikia, jamaa itasimama upande wa mutoto, na yeye atarudi nyumbani kama baba, tutamupokea, lakini kumuficha hatutamuficha.

Tena umuhakikishie kwamba njia ya kurudi iko wazi kwa muda murefu. Sheria inaomba angalau miaka 6 ya filozofia na teolojia, na ahadi ya useja inatolewa kwa ushemasi, si kabla yake. Kama ni wa jimbo, mpaka siku ile anaweza kutoka bila kuvunja kitu chochote. Baada ya ushemasi ni ngumu, ruhusa ya kufunguliwa ahadi ya useja inatoka kwa Papa peke yake. Kwa hiyo kazi yako wewe muzazi ni kuandaa lopango na jirani, ju kinachomufunga kijana mara nyingi si Mungu, ni aibu, watu watasema "bamemufukuza". Sema mapema kwa ndugu zako na kwa shirika: akitoka tutamupikia. Na akitoka kweli, umupikie, umupeleke misa Jumapili ile ile mukae benchi ya mbele pamoja.

Akiendelea mpaka mwisho akapadirishwa, kazi yenu haijaisha. Padiri wa jimbo maskini hana mushahara wa maana, na mimi naona jamaa nyingi zinamugeuza banki, minervali ya watoto wa kaka, dawa ya shangazi, mabati ya muyomba, simu kila jioni ni shida tu. Mutu aliyeacha kuwa na watoto ili atumikie wote anajikuta na watoto kumi wa wengine na hana hata wa kumuuliza kama amekula. Mukubaliane kama ukoo: shida za pesa apelekewe na mutu mumoja tu, na si kila mwezi. Mumutembelee kule parokiani, mulete ndizi, mubaki mpaka jioni, muongee mambo ya kawaida. Kama anaweza kufika Noeli baada ya misa zake, muwekee sahani. Na mumupigie simu siku za juma pia, hasa saa za usiku akiwa peke yake, mumuulize amelala aje, amekula nini, nani alimukasirisha leo.