Jinsi ya kusoma jedwali la njia: fuata paketi moja mpaka uione inapopotelea

Simu iliingia saa mbili na robo asubuhi kutoka tawi la Mbarara. "Fundi, ripoti zinafunguka lakini hesabu zimegoma. Intaneti ipo, hata WhatsApp inapita." Seva ya ripoti na seva ya hesabu zote ziko Kampala, kwenye rafu moja, zimechomekwa swichi moja. Ya ripoti ni 10.20.5.200, ya hesabu ni 10.20.5.40. Dada aliyepiga alikuwa ameshazima na kuwasha ruta mara tatu, na mtu mwingine alikuwa ameshauri ibadilishwe kabisa.

Nitatumia kisa hicho kukuonyesha jinsi ya kusoma jedwali la njia, yaani orodha ambayo ruta huitumia kuamua kila paketi (kipande cha data) ikabidhiwe nani. Namba nimezibadilisha, kosa ni lilelile. Ruta ya tawi ni kompyuta ndogo ya Linux yenye faiba, laini ya 4G ya akiba, na handaki la VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti) la kwenda Kampala. Ukitumia ruta za MikroTik au Cisco, mantiki haibadiliki. Nitataja tofauti zinapotokea.

Hatua ya 1: Andika paketi kwenye karatasi

Kabla ya kugusa kibodi, andika vitu viwili: paketi inatoka anwani gani na inakwenda anwani gani. Usiandike "intaneti" wala "Kampala". Andika namba. Kwetu ilikuwa hivi: kutoka 192.168.50.23, kwenda 10.20.5.40.

Kisha sikiliza kosa linasema nini, kwa sababu kila ujumbe una maana yake. `Connection refused` maana yake paketi ilifika na jibu likarudi. Acha njia, kaangalie programu yenyewe kwenye seva. `Network is unreachable` maana yake hakuna mstari wowote kwenye jedwali unaomfaa mlengwa. `Destination Host Unreachable` inayotoka kwa ruta yako mwenyewe ni habari kubwa: njia ipo, ila jirani aliyekabidhiwa paketi haitikii. Kimya kitupu ndicho kigumu, maana kinaweza kuwa njia ya kwenda, njia ya kurudi, au ukuta-moto (kichujio cha paketi).

Nilimwomba dada apige ping (amri inayotuma paketi ya majaribio na kusubiri jibu) na anisomee. "Inasema *Reply from 192.168.50.1*, halafu *Destination host unreachable*." Hiyo 192.168.50.1 ni ruta ya pale pale tawini. Paketi haikuwahi kutoka ndani ya jengo.

Hatua ya 2: Toa jedwali

Niliingia kwenye ruta na kuandika `ip route show`:

```
default via 192.0.2.1 dev enp1s0 metric 100
default via 198.51.100.1 dev enp2s0 metric 200
10.20.0.0/16 via 10.99.0.1 dev wg0
10.20.5.0/25 via 192.168.50.254 dev enp3s0
10.99.0.0/30 dev wg0 proto kernel scope link src 10.99.0.2
192.0.2.0/30 dev enp1s0 proto kernel scope link src 192.0.2.2
192.168.50.0/24 dev enp3s0 proto kernel scope link src 192.168.50.1
198.51.100.0/30 dev enp2s0 proto kernel scope link src 198.51.100.2
```

Kila mstari unajibu swali moja: ukiwa na paketi ya kwenda huku, mkabidhi nani, kupitia poti gani. Neno la kwanza ni mlengwa. `via` ni kituo kinachofuata. `dev` ni poti: enp1s0 ni ya faiba, enp2s0 ya 4G, enp3s0 ya ndani ya ofisi, na wg0 ni handaki la VPN. `metric` ni gharama ya njia: mistari ya upana uleule ikishindana, yenye metric ndogo inashinda. Mstari usio na `via` unasema mtandao huo umeunganishwa moja kwa moja, hahitajiki mtu wa kati. `default` ni njia ya jumla, sawa na kuandika 0.0.0.0/0.

Wanaoanza husoma jedwali kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaofaa, kama wanavyosoma sheria za ukuta-moto. Jedwali la njia halisomwi hivyo. Mpangilio wa mistari hauna uzito wowote.

Hatua ya 3: Tafuta mistari yote inayomfaa mlengwa, kisha chagua ulio mwembamba

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, kwa hiyo twende taratibu.

Namba baada ya mkwaju inahesabu biti za mwanzo wa anwani ambazo lazima zilingane. /16 inashika anwani 65,536, yaani 10.20.0.0 hadi 10.20.255.255. /25 inashika 128 tu, yaani 10.20.5.0 hadi 10.20.5.127. Mkwaju wenye namba kubwa ni mstari mwembamba, na mstari mwembamba ndio unaoshinda. Daima.

Fikiria abiria wa Nyendo, mtaa ulio Masaka, aliyesimama kwenye kituo cha teksi Kampala. Gari lililoandikwa "Masaka" linamfaa. Likitokea lililoandikwa "Nyendo", hilo ndilo lake, hata kama lile la Masaka limetangulia kwenye foleni. Ruta inafanya hivyo kwa kila paketi, ila yenyewe haichungulii kama gari la Nyendo lina dereva.

Sasa chukua 10.20.5.40 uipitishe kwenye jedwali. `default` zote mbili zinaifaa, kwa sababu zinafaa kila kitu. 10.20.0.0/16 inaifaa. 10.20.5.0/25 nayo inaifaa, kwa kuwa 40 iko kati ya 0 na 127. Iliyo nyembamba ni /25, kwa hiyo paketi inapelekwa kwa 192.168.50.254.

Rudia kwa 10.20.5.200. /25 haiifai, maana 200 imepita 127. Inabaki /16, inapita handakini, inafika Kampala. Ndiyo sababu seva mbili za rafu moja zilionekana kama ziko nchi mbili tofauti.

Hatua ya 4: Usikisie, iulize ruta yenyewe

Hesabu ya kichwani inatosha kwa jedwali la mistari minane. Kwa kubwa zaidi, iulize:

```
ip route get 10.20.5.40 from 192.168.50.23 iif enp3s0
```

Wengi huandika `ip route get 10.20.5.40` na kuishia hapo. Hilo ni swali kuhusu paketi inayozaliwa ndani ya ruta yenyewe. Paketi ya mteja inaingia kupitia poti ya ndani ikiwa na anwani nyingine ya chanzo, na inaweza kutendewa tofauti, hasa kama kuna sheria za ziada. Angalia `ip rule show`: ukiona kitu zaidi ya mistari mitatu ya kawaida (namba 0, 32766 na 32767), jua kuna jedwali la pili ambalo `ip route show` haikuonyeshi. Nimewahi kutumia nusu siku nikisoma jedwali ambalo paketi za wateja hazikuwa zikiligusa.

Kwenye Cisco andika `show ip route 10.20.5.40`. Kwenye MikroTik toa `/ip route print` na utafute herufi A pembeni. Mstari usio na A unajulikana lakini hautumiki.

Hatua ya 5: Je, kituo kinachofuata kiko hai?

```
ip neigh show 192.168.50.254
```

Jibu lilikuwa `FAILED`. Ruta iliita anwani hiyo, hakuna aliyeitika.

Nikamuuliza dada kama kuna ruta nyingine ofisini. Akaenda stoo, akarudi kwenye simu: "Ipo moja hapa juu ya vitabu vya risiti, waya wake umezungushiwa." Zamani tawi lilikuwa na laini ya pekee ya kufikia seva za hesabu. Laini ilikatishwa, kifaa kikachomolewa, mstari ukabaki.

Kwa nini ruta haikuuondoa mstari huo yenyewe? Kwa sababu njia iliyoandikwa kwa mkono hubaki mradi poti yake ina uhai, na enp3s0 imechomekwa kwenye swichi ya ofisi inayowaka muda wote.

Kosa hilihili ndilo linalofanya laini ya akiba ya 4G isiwahi kushika kazi. Tuseme greda la barabara limekata faiba huko Lukaya. Kiboksi cha faiba ofisini bado kina umeme, poti ya enp1s0 bado inawaka kijani, kwa hiyo `default` yenye metric 100 inabaki mezani na kushinda ile ya 200. Ofisi nzima inakaa bila mtandao huku laini nzuri ya 4G ikiwa imelala pembeni. Ukifunga laini mbili, lazima uweke kitu kinachopima. Kwenye MikroTik kuna `check-gateway=ping`, inayopima kila sekunde 10 na kuitoa njia baada ya kukosa jibu mara mbili. Lakini inapima kituo cha kwanza tu. Kama kituo hicho kiko hai na kukatika kumetokea mbele yake, haitajua. Mimi hupima anwani iliyo mbali zaidi, nje ya mtandao wa mtoa huduma, na hujaribu kwa kuchomoa waya wa faiba yenyewe, si ule wa ruta.

Hatua ya 6: Njia mbili zenye upana uleule

Mkwaju ukilingana sawasawa, ndipo daraja la uaminifu linapoingia, yaani namba inayoonyesha ruta inakiamini kiasi gani chanzo cha njia. BGP, OSPF na RIP ni itifaki ambazo ruta hutumia kuambiana njia. Kwenye Cisco, mtandao uliounganishwa moja kwa moja ni 0, njia ya mkono 1, BGP ya nje 20, OSPF 110, RIP 120, BGP ya ndani 200. Ndogo inashinda. Ukiona `[110/20]`, 110 ni daraja na 20 ni metric, na metric hutumika tu kulinganisha njia za itifaki ileile. Linux haina daraja hilo kwenye jedwali lake, inaangalia metric peke yake.

Jihadhari unapochanganya vifaa. Kwenye Huawei, OSPF ni 10 na njia ya mkono ni 60, kinyume cha ulichozoea Cisco. Fundi anaandika njia ya mkono akitarajia ishinde, na OSPF inaendelea kubeba paketi. Na kumbuka daraja halipiganishwi na upana: OSPF ya /25 inaishinda njia ya mkono ya /24 kila mara.

Hatua ya 7: Kagua njia ya kurudi

Ping ina safari mbili, na jedwali ulilosoma linahusu moja. Ingia upande wa pili, uulize njia ya kurudi kwa 192.168.50.23. Seva ya Kampala isipoijua 192.168.50.0/24, itatupa majibu kwenye njia yake ya jumla, yaelekee intaneti na kufia huko.

Ofisi yenye laini mbili ina mtego mwingine: paketi inatoka kupitia moja na jibu kurudi kupitia nyingine. Linux ikiwa na `rp_filter` (kichujio kinachokagua kama paketi imeingia kupitia poti inayotarajiwa) yenye thamani 1, inalitupa jibu hilo kimyakimya. Ukishuku hivyo, andika `nstat -az TcpExtIPReversePathFilter`, piga ping, andika tena. Namba ikipanda, umempata mwizi.

Kwa walengwa wa nje, `mtr`, inayoonyesha kila kituo ambacho paketi inapita, husaidia kuona kama paketi inazunguka mbali. Uganda haina bahari, paketi zetu za ng'ambo hupita Kenya au Tanzania kufikia nyaya za Mombasa na Dar es Salaam. Lakini tovuti iliyohifadhiwa Kampala haina sababu ya kupita huko. UIXP, kituo cha Uganda cha kubadilishana trafiki ya intaneti, ipo tangu 2001 ili mitandao ya hapa ikabidhiane paketi hapahapa. Ukiona seva ya Kampala inajibu kwa zaidi ya milisekunde 100 na majina ya London katikati, jedwali lako halina kosa. Mpelekee mtoa huduma matokeo ya pande zote mbili, kwenda na kurudi.

Hatua ya 8: Rekebisha mara mbili

```
ip route del 10.20.5.0/25 via 192.168.50.254
```

Hesabu zilifunguka papo hapo. Kazi ilikuwa nusu. Amri hiyo inafuta mstari kwenye kumbukumbu tu. Faili la mipangilio bado linao, na umeme ukikatika na kurudi, mstari unarudi nao. Dada alipowasha ruta upya mara tatu asubuhi ile, kila mara alikuwa akiurudisha.

Niliufuta kwenye faili, nikaandika pembeni ya kila njia ya mkono iliyobaki ni ya nini na iliwekwa lini, nikamwomba azime ruta mara ya nne. Ilipowaka, `ip route get` ikajibu `dev wg0`, na ping kutoka kompyuta yake ikapita.

"Fundi, na hii ya stoo niitupe?"

"Iache, dada. Ila bandika karatasi yenye anwani yake."