Mboji inanuka? Tafuta maranda

Wengi wanaoozesha taka za jikoni uani hukata tamaa wiki ya pili: harufu, nzi, na jirani ameshanuna. Tatizo ni maji mengi na hewa kidogo. Pita kwa seremala wa mtaani umwombe maranda (mara nyingi anayachoma tu), ila yasiwe ya mbao zilizotiwa dawa. Majani makavu ya mwembe nayo yanafaa. Kwa kila ndoo ya maganda, changanya ndoo mbili za vitu vikavu, ugeuze kwa koleo kila wiki. Kisha chota konzi moja uiminye: maji yakichuruzika, ongeza maranda, ikimeng'enyuka kama vumbi, nyunyizia maji. Vichwa vya dagaa usitie kabisa, panya wa Dar hawahitaji mwaliko.