Kaliandra: usiikate tu kama fensi, mpe ng'ombe

Huku Vihiga kaliandra wengi wanaijua kama ile fensi ya maua mekundu yaliyosimama kama brashi, ikizidi kimo wanaifyeka wanatupa, na ng'ombe amefungwa hapo kando anatafuna mabua. Mimi niko upande wa Luanda, shamba ni kadogo sana, kwa hivyo zangu nimepanda kwa mpaka na kwa kingo za terasi na nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, iko hapo hapo, hazijagombana.

Kwa mbegu ndio watu huangukia. Ganda ni gumu, ukizimwaga hivi hivi kwa udongo utangoja mpaka uchoke. Loweka kwa maji baridi masaa 48, zinazoelea tupa, zilizofura panda siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza nililoweka usiku mmoja tu nikapata miche ya kuhesabu na vidole, nikamlaumu aliyeniuzia, kumbe makosa yangu.

Anza nasari (kitalu cha miche) Desemba ama Januari, ndio mvua ya Machi ikishika uwe na miche ya kupeleka shambani. Kama huna tyubu, pakiti za maziwa ukitoboa chini zinatosha. Nafasi ni nusu mita kutoka mche mmoja hadi mwingine. Udongo wa asidi kidogo haiogopi, mbolea ya naitrojeni inajitengenezea kwa mizizi, lakini maji yakisimama imekwisha, sasa wewe wa Ahero na ule udongo mweusi tafuta mahali palipoinuka ama uachane nayo.

Alafu vumilia! Usiiguse kabla ya miezi 9 mpaka mwaka. Ukianza, panga iwe kali na uache kisiki cha kufika kiunoni hivi, ukikata chini kabisa unaichosha, kisha irudie kila baada ya miezi miwili mitatu.

Hesabu ya chakula iko hivi, kilo 3 za majani mabichi zinafanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya deri mili, ule unga wa ng'ombe wa maziwa wa dukani, na ng'ombe mmoja anaweza kula kilo 6 kwa siku, hapo utahitaji miti kama 500. Usishtuke, 500 kwa nusu mita ni laini ya mita 250, zunguka shamba lako ukipima na uone. Mpe ikiwa mbichi, sio ile imeshinda kwa jua ikanyauka, ina tanini nyingi, ile dawa chungu ya majani, na ikinyauka haisagiki vizuri tumboni. Na usimpe hiyo peke yake, nepia ibaki ndio nyingi.

Wacha chache bila kukata kwa ajili ya nyuki na mbegu. Maua yake hufunguka jioni, kwa hivyo ukipita asubuhi ukiyaona yamelegea usidhani mti ni mgonjwa. Maganda yakigeuka kahawia vuna haraka, yakikauka hupasuka na mbegu zinarukia kwa jirani.